Gari kubwa linatetema, linanesa na asubuhi limeinama: uanzie wapi?

Swali: “Gari langu ni SUV kubwa ya viti saba. Nililinunua likiwa limetumika, sasa lina miaka sita na kilomita 118,000. Lina rimu za inchi 22 na mfumo wa hewa, yaani baluni za hewa badala ya springi za chuma, kwenye magurudumu yote manne. Kati ya kilomita 95 na 115 kwa saa linatetema, mara kwenye usukani, mara kwenye kiti. Nikivuka hapo linatulia. Kwenye barabara yenye mawimbi nyuma linanesa, na watoto wanaokaa viti vya mwisho wanatapika. Asubuhi nalikuta limeinama nyuma kushoto, nikiwasha linanyanyuka lenyewe. Nimefanya balansi mara mbili, alaimenti mara moja, na shokapu za mbele nimebadilisha zote mbili. Fundi mmoja anasema ni giaboksi. Mwingine anataka kutoa mfumo wa hewa aweke springi za chuma. Jirani ananiambia magari haya ndivyo yalivyo, nizoee. Nitengeneze, nibadilishe mfumo au niuze?”

Jibu: Pole kwa usumbufu, na pole zaidi kwa watoto. Nimeyasoma maelezo yako kwa makini, na ninavyoyaona una matatizo matatu yaliyokutana kwenye gari moja. Mtetemo wa mwendo kasi una chanzo chake, kunesa kwa nyuma kuna chanzo chake, na kule kuinama asubuhi ni jambo la tatu kabisa. Hilo la tatu ndilo linaloongeza hasara kila usiku gari likiwa limeegeshwa. Mafundi wako wameyafunga yote kwenye furushi moja, ndiyo maana kila mmoja amekuja na jibu lake na bado gari liko vilevile.

Nianze na jirani, maana kauli yake ina ukweli kidogo na hasara kubwa. Ni kweli magari haya yana tabia zao. Bodi iliyofungwa juu ya chasisi hutikisika tofauti na bodi ya kipande kimoja. Gari lenye ekseli nzima nyuma, kama Toyota Land Cruiser 300, gurudumu la kushoto likikanyaga jiwe, la kulia nalo hupata habari. Chevrolet Tahoe na Suburban zilikuwa hivyo mpaka kizazi cha 2021, zilipopewa nyuma ambayo kila gurudumu linajitegemea. Ford Expedition ilikuwa nayo tangu 2003, na Nissan Patrol Y62 ya 2010 inajitegemea pande zote nne. Kwa hiyo utulivu hutofautiana toka kiwandani, na hilo hakuna fundi wa kulibadilisha. Lakini hakuna kiwanda kinachotoa gari la kutetema kwenye 100 na kutulia kwenye 120. Tabia ya gari huwepo tangu siku ya kwanza na haibadiliki. Kinachoanza, kinachokua na kinachohama kutoka usukani kwenda kwenye kiti ni ubovu, na ubovu una dawa.

Sasa mtetemo wenyewe. Tairi la rimu ya inchi 22 kwenye gari kama lako lina mzingo wa takriban mita 2.6. Ukiwa kwenye kilomita 105 kwa saa, linazunguka karibu mara 11 kwa sekunde. Gurudumu likining’inia kati ya tairi lake na springi yake lina mdundo wake wa asili, nao huangukia takriban mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Hapo ndipo shida inapozaliwa: mzunguko wa tairi unapokaribia mdundo huo, hitilafu ndogo hukuzwa na kuwa mtetemo mkubwa, kama mtu anayesukuma bembea kila inaporudi mkononi mwake. Ukiongeza mwendo unaupita mdundo huo na gari linatulia. Kutulia huko si kwamba kasoro imeondoka. Kasoro iko palepale, inasubiri urudi kwenye 100.

Na hitilafu yenyewe haihitaji kuwa kubwa. Gramu 30 zikizidi upande mmoja wa ukingo wa rimu, kwa mwendo huo huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo nne hivi, mara 11 kila sekunde. Ndiyo maana kipande kidogo cha risasi kilichobandikwa wakati wa balansi kikidondoka, au tope likiganda ndani ya rimu, unahisi gari zima limeharibika.

Utaniuliza: kama ni hivyo, mbona balansi mbili hazijasaidia? Kwa sababu mashine ya kawaida ya balansi huzungusha tairi likiwa hewani. Inapima uzito tu. Haioni kama tairi lina sehemu ngumu na sehemu laini, wala kama limepoteza umbo la duara linapobeba mzigo. Tairi la namna hiyo litasoma sifuri kwenye mashine na bado litatetema barabarani, maana huko limebebeshwa zaidi ya nusu tani. Zipo mashine zenye roli inayobana tairi likizunguka, zikapima nguvu inavyopanda na kushuka katika duara zima. Hiyo ndiyo unayopaswa kuitafuta safari ijayo. Mwombe fundi akuandikie kipimo cha kila tairi, na atazame pia kama rimu yenyewe imepinda kwa ndani. Rimu za inchi 22 zina tairi jembamba ubavuni, na shimo moja lililokanyagwa kwa kasi hupinda ukingo wa ndani ambao ukisimama nje huuoni.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nimeliona likiwasumbua watu miezi mizima. Kama rimu zako si za kiwandani, hakikisha tundu la katikati linakaa sawasawa kwenye habu, kile kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake. Likiwa kubwa kuliko habu, rimu inakaa kwa kutegemea nati peke yake, na nati zikikazwa ovyo kwa mashine ya upepo, rimu inakaa pembeni kidogo. Pete ya kujazia nafasi hiyo ni kitu rahisi kabisa, na nati zikazwe kwa zamu za kukingama, kwa spana ya kipimo.

Kabla hujampelekea fundi yeyote tena, fanya vipimo hivi mwenyewe, barabara ikiwa wazi na salama, na ikiwezekana mtu mwingine akiandika. Liache gari kwenye mwendo unaotetema, kisha shusha gia moja kwa mkono huku ukibaki kwenye mwendo uleule. Injini sasa inazunguka haraka zaidi lakini magurudumu yako vilevile. Mtetemo ukibaki kama ulivyo, injini umeitoa kwenye orodha, na sehemu kubwa ya giaboksi pia. Tafuta kwenye magurudumu, propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli) na ekseli. Ukibadilika au kutoweka, basi fundi wa giaboksi ana hoja na tutamrudia. Halafu angalia unausikia wapi. Mtetemo ukiutikisa usukani, mara nyingi chanzo ni mbele. Ukisikika kwenye kiti na sakafu, mara nyingi ni nyuma. Wewe unausikia kote kwa kupokezana, na hiyo inanipa hisia kwamba zaidi ya tairi moja lina kasoro, kila moja likizunguka kwa tofauti ndogo na jingine. Badilisha magurudumu ya mbele yaende nyuma, kama ukubwa ni mmoja na tairi zako zinaruhusu. Mtetemo ukihama, umemkamata mhusika bila kununua chochote.

Propela ina sauti yake. Kwa sababu ya meno ya difu, zile gia za kwenye ekseli, huzunguka mara tatu na nusu hivi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa hiyo kwenye mwendo wako inafika takriban mara 40 kwa sekunde. Hiyo haiji kama kutikisika. Huja kama mngurumo au ganzi chini ya miguu. Ukiusikia huo, fundi akague viungo vya propela na beringi ya katikati kama ipo.

Turudi kwa fundi wa giaboksi. Kuna mtetemo wa giaboksi ambao huwadanganya hata mafundi wazoefu. Ndani ya tokikonvata, kile kiungio cha mafuta kati ya injini na giaboksi, kuna klachi inayojifunga mwendo ukitulia ili kuokoa mafuta. Klachi hiyo ikianza kushika na kuteleza, unahisi kama umepita juu ya matuta madogo ya kuamsha dereva, sekunde chache tu, ukiwa umegusa pedali kidogo. Alama yake ni kwamba ukikanyaga zaidi au ukiachia pedali, unaondoka palepale. Giaboksi za gia nane za General Motors za miaka ya katikati ya 2010 zilijulikana kwa hili, na sehemu kubwa ya dawa ilikuwa kubadilisha mafuta ya giaboksi kwa aina mpya, kwa kuwa ya mwanzo yalikuwa yakiathiriwa na unyevu. Nakwambia hivi ili mtu asikushushie giaboksi nzima kabla ya kuangalia mafuta. Ila kwa maelezo yako, mtetemo unaofuata mwendo wa gari, na hukutaja kwamba pedali inaubadilisha, mimi ningeiweka giaboksi mwisho wa foleni.

Kunesa kwa nyuma ni hadithi nyingine. Springi, iwe ya chuma au ya hewa, kazi yake ni kubeba. Kuzuia isiendelee kudunda ni kazi ya shokapu, ambayo husukuma mafuta kupitia matundu madogo na kugeuza mdundo kuwa joto. Gari lenye uzito wa tani mbili na nusu, na abiria saba juu yake, huipa shokapu kazi kubwa, na kufikia kilomita 118,000 za nyuma zinaweza kuwa zimechoka hata kama hazivuji tone. Mafuta huchakaa, vizibo hulegea. Wewe umebadilisha za mbele, na sasa mbele imekaza na nyuma imelegea. Matokeo yake gari hupeana mdundo kati ya pua na mkia, na viti vya mwisho, vinavyokaa juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake, ndivyo vinavyopanda na kushuka zaidi. Kuyumba kwa polepole, chini ya mara moja kwa sekunde, ndiko huwachafua watu tumbo, hasa mtoto asiyeona barabara mbele.

Ile njia ya kusukuma bampa kwa mkono na kuhesabu inadunda mara ngapi, kwa gari la uzito huu haitoshi. Shokapu iliyokufa nusu itafaulu mtihani huo. Bora fundi aitazame ikiwa chini ya jeki: utando mwembamba wa mafuta juu ya mwili wake si lazima uwe ubovu, lakini mafuta yanayotiririka ni hukumu. Aangalie na tairi zako kama zimelika kwa mabonde mabonde, dalili kwamba gurudumu limekuwa likirukaruka. Akague pia bushi, zile mpira za kwenye maungio ya mikono ya nyuma, kwa nondo ya kuchokonoa, siyo kwa macho tu.

Tahadhari moja hapa. Kama shokapu zako zinaongozwa na umeme, usikubali kufungiwa za kawaida kwa sababu zinaingia kwenye tundu. Aina zenye mafuta yanayobadilika ugumu kwa sumaku zipo tangu Cadillac Seville ya 2002, na leo SUV nyingi kubwa zina aina hiyo au nyingine zenye vali za umeme. Ukifunga za kawaida, komputa itawasha taa na mara nyingi mfumo mzima utarudi kwenye ugumu mmoja tu. Na kama kwenye gari lako baluni la hewa na shokapu ni kitu kimoja, hakikisha unajua ni kipi hasa kilichobadilishwa kule mbele, na ni cha ubora gani.

Na rimu za 22? Zinapendeza, sikatai. Lakini rimu kubwa na tairi lake kwa kawaida ni nzito zaidi, na uzito huo uko chini ya springi, mahali ambapo kila kilo inaumiza utulivu. Ubavu mwembamba wa tairi nao hauna cha kumeza. Kama kiwanda kinaruhusu inchi 20 au 18 kwenye toleo lako, na rimu hizo zinapita breki zako, kushuka ukubwa huleta utulivu ambao hakuna shokapu itakayokupa. Hakikisha tairi jipya lina namba ya kubeba mzigo isiyopungua ile ya kiwandani. Upepo nao usijazwe kwa kufuata namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Hiyo ni mwisho wa uwezo wake. Namba yako iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, ipimwe tairi likiwa la baridi.

Nimefika kwenye lile linalonitia wasiwasi zaidi. Gari linaloinama kona moja usiku na kunyanyuka asubuhi linavuja hewa. Kila asubuhi kompresa, yaani pampu ya hewa ya mfumo huo, inafanya kazi ya kujaza kilichopotea, na ukiendesha inaendelea kufidia. Kompresa hizi hazikuumbwa kwa kazi ya mfululizo. Hupata joto, pete za pistoni huchakaa, na chembechembe zinazokausha hewa hulowa mpaka haziwezi tena kunyonya unyevu. Unyevu ukiingia ndani, vali nazo zinaanza kuoza. Hivyo ndivyo baluni moja lenye ufa linavyoua kompresa nzima, halafu mwenye gari anaambiwa mfumo wote ni mbovu.

Kulitafuta tundu si uchawi. Nyanyua gari kwenye kimo cha juu kabisa ili mikunjo ya mpira ifunguke, nyunyizia maji ya sabuni kwenye baluni la nyuma kushoto na kwenye maungio ya mipira yake, uangalie mapovu. Nyufa hupenda kukaa pale mpira unapojikunja. Ukikosa kitu, vali ya kona hiyo ndiyo inayofuata. Jua pia kwamba baadhi ya magari hujisawazisha yakiwa yameegeshwa kwa kushusha kona nyingine zifuate iliyopungua, kwa hiyo siku gari lote likiwa chini usiseme yote manne yametoboka. Na nakusihi, wewe au fundi, mtu asiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na hewa peke yake. Mfumo uzimwe kwa hali yake ya jeki, gari likae juu ya stendi za chuma. Gari hushuka bila kupiga hodi.

Je, springi za chuma? Sizipingi. Range Rover zilianza kutumia mfumo wa hewa wa kielektroniki mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu wakati huo wapo walioutoa na wakaishi kwa amani. Kwa gari la zamani, linalobeba mzigo uleule kila siku, mbali na mtu mwenye mashine ya kuusoma mfumo, ni uamuzi wenye akili. Lakini ujue unachoacha. Springi ya chuma ina ugumu mmoja: ukiichagua kwa ajili ya watu saba na mizigo, ukiwa peke yako itakurusha, ukiichagua ya laini, familia ikipanda mkia utalala na taa za mbele zitawapiga wenzako machoni. Unapoteza kimo cha kupanda na kushuka, na komputa isipozimwa ipasavyo utaishi na taa ya onyo. Zaidi ya yote, springi hazitagusa mtetemo wako wa kilomita 100. Kwa gari la miaka sita lenye uvujaji wa kona moja, mimi ningetengeneza hewa. Ningefikiria springi pale ambapo kompresa, vali na baluni zaidi ya moja vyote vimekwisha kwa pamoja.

Kuuza sasa hivi sikushauri. Hakuna hata kimoja kati ya hivi vitatu kinachotosha kulihukumu gari. Kinachopaswa kuamua ni injini na giaboksi, na hapo ukubwa wa jina usikulaze. Mwaka 2025 General Motors iliita yarudishwe kukaguliwa na kutengenezwa magari yenye injini ya V8 ya lita 6.2 ya miaka 2021 hadi 2024, karibu 600,000 kwa Marekani peke yake, kwa kasoro za krankishafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) na mikono ya pistoni. Toyota nayo mwaka 2024 iliita takriban 100,000, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa mabaki ya chuma yaliyosalia ndani ya injini wakati wa kuitengeneza. Chukua namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17, uliza kwa mwakilishi wa chapa yako kama kuna wito ambao mwenye gari wa kwanza hakuuitikia. Kisha fundi akague mafuta ya injini na ya giaboksi, na asikilize injini ikiwashwa baridi. Ikiwa huko kuko salama, gari lako linastahili kutengenezwa. Ikiwa injini inagonga au inakunywa mafuta, hapo tuzungumze habari ya kuuza, na umwambie mnunuzi ukweli.

Kuna hali ambazo hazisubiri vipimo vyangu. Tairi likivimba ubavuni, nyuzi za ndani zimekatika, usiliendeshe. Usukani ukianza kupigapiga kwa nguvu kiasi cha kushindwa kuushika, punguza mwendo taratibu na usimame. Gari likilala chini kabisa ukiwa barabarani, likivuta upande mmoja ukifunga breki, au ukisikia kugonga mbele unapokata kona, lipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, na kama ni kugonga kwa boljointi, kile kiungo cha duara kinachoshika gurudumu la mbele, lipakiwe badala ya kuendeshwa.

Kwa hiyo wiki hii anza na uvujaji, kwa sababu ndio unaoua kompresa. Kisha magurudumu yote manne kwenye mashine yenye roli. Shokapu na bushi za nyuma zifuate, baada ya magurudumu kupona, ili ujue ni lipi limesaidia. Alaimenti iwe ya mwisho, gari likiwa kwenye kimo chake sahihi, maana ile uliyofanya mwanzo huenda ilipimwa kona moja ikiwa imeshuka. Na kila yanapotolewa magurudumu, nati zikazwe tena kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 80 hadi 100.